Goma–Butembo: barabara ya vakansi ambayo watoto wa leo wanaijua kwa habari za vita tu

Mtoto wa Goma mwenye miaka kumi analijua jina la Kanyabayonga. Amelisikia kwenye redio, amewasikia wakubwa wakilitaja jioni kwa sauti ya chini, na pengine ana mwenzake darasani aliyekimbia kutoka kule. Ukimuuliza Kanyabayonga iko namna gani, atajibu kwamba ni mahali pa vita. Muulize sasa baba yake ao shangazi yake. Atakuambia kwamba Kanyabayonga ni pale gari ilikuwa inasimama ili watoto wateremke na kuoshwa uso, kwa sababu walikuwa wametapika kwenye makona ya Kabasha, halafu walipewa chai ya moto na mkate.

Barabara yenyewe ni ya taifa namba 2, ile ambayo watu wote wanaita RN2. Kutoka Goma hadi Butembo ni karibu kilomita 300, na inabaki hamsini na kitu ili kufika Beni. Kwa familia nyingi za Kivu ya Kaskazini, zaidi zile za Wanande waliohamia Goma kwa ajili ya biashara, kazi ao masomo, hii ndiyo ilikuwa barabara ya vakansi kubwa. Shule zilifungwa mwanzoni mwa Julai, bultani zilisomwa, na yule aliyefaulu alijua kwamba ataenda kwa koko.

Wanaoikumbuka zaidi ni wale waliozaliwa kati ya mwaka wa 1965 na mwaka wa 1985. Leo ni wazazi, na wengine tayari ni koko wao wenyewe. Ukikutana nao Goma, Butembo, Kampala ao hata Ulaya, na ukitaja neno Rwindi tu, mazungumuzo yanageuka mara moja.

« Gari yetu » ambayo haikuwa yetu

Jambo moja liwekwe wazi kwanza. Katika masimulizi hayo kila mtu anasema « gari yetu ». Lakini wakati wa Zaire, familia zilizokuwa na gari zilikuwa chache: mfanyabiashara wa Butembo mwenye Land Rover, daktari wa misioni, mkubwa wa shamba la kahawa ao la chai, mkubwa fulani wa serikali. Wengine walisafiri ndani ya gari ya kazi ya baba, iliyoombwa kwa heshima nyingi, ao ndani ya Toyota ya mjomba, ao juu ya kamyo iliyopakia magunia ya maharagwe, mama na mtoto mdogo wakiketi mbele karibu na shofere kwa sababu ya baridi, na watoto wakubwa wakikaa juu ya mizigo pamoja na boyi-shofere.

Mwalimu mmoja wa sekondari ya Butembo, aliyezaliwa mwaka wa 1971 na kukomalia Goma, anasema alikuwa na miaka kumi na miwili wakati alipotambua kwamba kamyo aliyokuwa akiwasifia wenzake shuleni ilikuwa ya jirani. Baba yake alikuwa anahesabu tu magunia. Hakuona haya. Anaeleza kwamba kamyo iliyokupeleka kwa koko miaka sita mfululizo ni yako, hata kama karatasi zake ziko mfukoni mwa mtu mwingine.

Mizigo ndiyo ilipakiwa kwanza, watoto baadaye. Kutoka Goma familia ilibeba sukari, sabuni, chumvi, sambaza zilizokaushwa, na nguo ambazo watoto wa mjini hazikuwatosha tena. Wakati wa kurudi, gari ilikuwa nzito zaidi: viazi vya Lubero, maharagwe, marakuja, mafuta ya ngazi kutoka upande wa Beni, na kuku mmoja ao wawili waliofungwa miguu chini ya kiti. Karibu kila mtu aliyesafiri namna hiyo ana hadisi yake ya kuku aliyefunguka njiani.

Kutoka kwenye mawe ya volkano hadi kwenye tembo

Safari ilianza gizani, saa kumi na moja za asubui ao mbele ya hapo. Baba aliomba, kisha gari ilipandisha upande wa Munigi na Kibati, kati ya mawe meusi ya Nyiragongo. Kibumba kulikuwa baridi na mashamba ya kabichi. Rumangabo kulikuwa na kambi ya askari na makao makuu ya mbuga ya Virunga. Hapo watoto waliambiwa waketi vizuri na wafunge midomo. Rutshuru jua lilikuwa limekwisha kupanda na ndizi zilikuwa za bei rahisi. Kiwanja, mama alihesabu watoto. Ilikuwa nafasi ya mwisho ya kwenda msalani, kwa sababu mbele kulikuwa mbuga, na ndani ya mbuga hakuna aliyeshuka ovyo.

Kisha mchezo ulianza. Ndani ya magari yote ulikuwa mchezo mmoja, ijapokuwa hakuna aliyewafundisha watoto: wa kwanza kuona tembo anakula yai la pili. Swala hawakuhesabiwa, walikuwa wengi mno. Nyati walikuwa na bei ya katikati. Ngiri walichekwa kwa sababu ya mkia wao uliosimama wakati wa kukimbia. Kwenye kilalo cha Mabenga watoto walitazama mto Rutshuru chini wakitafuta masikio ya viboko, kwa kuwa kiboko hakuonyesha zaidi ya masikio na pua. Mbele kidogo, pale Mayi ya Moto, mvuke ulitoka ardhini, na yaya mkubwa aliwaeleza wadogo kwamba kule chini kuna mtu anapika.

Mbuga hiyo iliundwa mwaka wa 1925, wakati wa Wabelgiji, ikaitwa Albert. Mwaka wa 1979 UNESCO iliiandika kati ya mali ya urithi wa dunia. Watoto waliokuwa ndani ya gari hawakujua hayo. Walichojua ni kwamba Rwindi kulikuwa hoteli, na kwamba mbele ya hoteli hiyo kulisimama Wazungu wenye kamera shingoni. Shofere mmoja mzee, aliyeendesha kamyo katika barabara hiyo zaidi ya miaka ishirini, anacheka akikumbuka kwamba watoto wake waliwahesabu watalii pamoja na nyani.

Hapo Rwindi ndipo njia ya Vitshumbi inapoachana na barabara kubwa na kuteremka upande wa ziwa Edward. Kulikuwa samaki. Harufu yao iliingia ndani ya gari na haikutoka tena mpaka Butembo. Familia nyingi zilinunua tilapia wa kupeleka kwa koko, na yule mtoto aliyepewa kuwashika juu ya magoti alijua kwamba mwaka huu yeye ndiye aliyechukiwa.

Kisha Kabasha. Ni ukuta wa mlima unaotoka kwenye tambarare, na barabara inaupanda kwa makona yaliyofuatana. Kamyo ilipanda polepole sana, na boyi-shofere alitembea kwa miguu nyuma yake akibeba kipande cha mti, tayari kukiweka chini ya tairi kama injini itashindwa. Ndani, mama aligawa limau za kunusa. Hazikusaidia sana. Huko juu, wababa wengi walisimamisha gari wakawaambia watoto wageuke watazame walikotoka: tambarare yote ya Rwindi ilikuwa chini, na siku ambayo hakukuwa ukungu ziwa lilionekana kwa mbali likingaa. Kwa mwalimu wa Butembo, hapo ndipo alielewa mara ya kwanza kwamba inchi ni kubwa. Darasani alikuwa ameambiwa hivyo, lakini darasani kulikuwa ukuta tu na picha ya Mobutu.

Kutoka Kanyabayonga luga zilianza kubadilika. Upande wa Rutshuru watoto walikuwa wamesalimia wauzaji kwa « mwaramutse ». Huku walijifunza kusema « wasingya » kila mara mama muuzaji alipowaongezea ndizi moja. Mtoto aliyekomalia Goma na kusema Kiswahili tu aligundua kwamba baba yake, mtu wa maneno machache nyumbani, alikuwa mwenye kusema na kucheka sana mara tu alipofika mahali panaposemwa Kinande. Kayna, Kirumba, Kaseghe: kila mahali kulikuwa ndugu wa kusalimia, na kila salamu ilikula nusu saa. Alimbongo baridi iliwafanya wote wajifunike kikwembe kimoja. Lubero walinunua viazi na karoti.

Kati ya Lubero na Butembo, karibu na Musienene, barabara inavuka msitari wa ikweta. Wababa waliosoma walipenda kulitaja jambo hilo. Watoto walibandika pua kwenye kioo wakitafuta msitari ardhini, hawakuuona, na wengi waliamini kwamba baba amewadanganya.

Matope hayasimuliwi

Masimulizi haya yana kasoro moja, na wasimuliaji wenyewe wanaikubali ukiwabana kidogo. Yanasafisha barabara. Katika miaka ya 1980 RN2 ilikuwa tayari mbovu mahali pengi. Wakati wa mvua kamyo zilifuatana kwenye matope, ya mbele ikikwama na kufunga zote za nyuma, na familia zililala humo usiku mmoja ao mbili. Miaka ya 1990 ilipoanza, askari waliokosa mshahara waliweka bariere, na sukari ya koko ilipunguka kilo kwa kilo kabla ya kufika. Yule shofere mzee hana hamu ya kusifu zamani. Anasema watoto wanakumbuka tembo kwa sababu si wao waliochimba matope.

Lakini lililofuata lilikuwa la namna nyingine. Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda waliingia Kivu ya Kaskazini kwa mamia ya maelfu. Kambi za Kibumba, Katale na Kahindo ziliwekwa kandokando ya barabara hiyohiyo ya Goma–Rutshuru, na miti ya mbuga ilikatwa kwa ajili ya kuni. Mwaka huo UNESCO iliiandika Virunga kati ya mali zilizo hatarini. Mwaka wa 1996 vita vilianza, na tangu hapo barabara haijapata muda mrefu wa amani.

Viboko wanaeleza mambo vizuri kuliko hotuba. Katikati ya miaka ya 1970, watafiti walihesabu karibu viboko 29 000 ndani ya Virunga, wengi kuliko mahali pengine popote duniani. Miaka thelathini baadaye hawakufika 1 000. Waliliwa na watu wenye silaha, wakauzwa kama nyama. Mtoto aliyevuka Mabenga mwaka wa 2005 angeweza kutazama mto siku nzima bila kupata masikio ya kuhesabu.

Kwa wasafiri, sehemu ya Mabenga hadi Rwindi ikawa ile ya kutekwa nyara. Magari yalingojana Kiwanja ao Kanyabayonga ili yapite kwa msafara, askari mbele na nyuma. Hapo mchezo wa tembo uliisha. Mama mmoja muuzaji wa vitenge huko Goma, mwenye miaka arobaini na mitano, alisafiri namna hiyo na watoto wake watatu kabla ya vita vya mwisho. Anaeleza kwamba aliwaambia wainamishe vichwa toka Mabenga hadi Kabasha. Watoto wake walivuka mbuga yote ya Virunga wakitazama viatu vyao.

Hata kipande cha kusini, kile cha Goma–Rutshuru kilichoonekana chepesi, kilipata damu. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, shambulizi liliua walinzi 12 wa mbuga, shofere wao na raia wanne. Tarehe 22 Februari 2021, upande wa Kibumba, waliuawa balozi wa Italia Luca Attanasio, mlinzi wake na shofere Mkongomani. Miezi mitatu baadaye, tarehe 22 Mei, Nyiragongo ililipuka na moto wake ukakata barabara kaskazini ya muji. Volkano angalau haikuchagua upande.

Wenye uwezo walichagua ndege. Hiyo nayo haikuwa na uhakika: tarehe 24 Novemba 2019 ndege ndogo iliyokuwa ikielekea Beni na Butembo iliangukia nyumba za wakaaji wa mtaa wa Mapendo, Goma, dakika chache baada ya kuruka, na zaidi ya watu 20 walikufa.

Kisha M23 ilirudi. Mwisho wa Oktoba 2022 ilishika Rutshuru na Kiwanja. Mwisho wa Juni 2024 ilishika Kanyabayonga, halafu Kirumba. Desemba 2024 mapigano yalifika Alimbongo, pale pa baridi na kikwembe kimoja, na msitari wa vita ukakata RN2 kusini ya Lubero. Mwezi uliofuata Goma yenyewe ilianguka na uwanja wake wa ndege ukafungwa. Wako wanaojaribu kupita, kwa pikipiki, kutoka upande mmoja hadi mwingine, kwa sababu maharagwe lazima yauzwe. Lakini mzazi mwenye watoto hapiti hapo kwa ajili ya vakansi.

Kuzunguka kwa Uganda

Matokeo yake yanaonekana siku ya kilio. Koko anakufa Butembo, na watoto wake wa Goma wanafuata maziko kwenye simu, kama intaneti inakubali. Mahari inajadiliwa kwa sauti zilizorekodiwa na kutumwa. Shamba la urithi linagawanywa na wale waliopo. Mama wa vitenge ana binti wa miaka tisa ambaye kwake koko ni uso ndani ya simu unaouliza kila mara kama amekula.

Ndiyo sababu mwaka huo aliamua kumpeleka, na njia iliyobaki ni ya kuzunguka: kuvuka mpaka, kupita Kisoro na Kabale, kisha Ishaka, hadi Mpondwe, na kuingia tena Kongo kwa Kasindi. Ni siku mbili mahali pa moja, karatasi za kulipia, feza ya Uganda ya kubadilisha, na kulala njiani. Familia nyingi haziwezi. Yeye aliuza sehemu ya bidhaa zake ili aweze.

Mtu anayeijua RN2 na kupita njia hiyo anaona jambo la ajabu kidogo. Baada ya Ishaka, karibu na Kichwamba, barabara ya Uganda inafika juu ya ukuta wa mlima, na chini yake kuna tambarare pana, na ziwa. Ni Kabasha iliyogeuzwa. Ziwa ni lilelile Edward, na mbuga ya Queen Elizabeth inashikana na Virunga. Mpaka unapita kati yao bila wanyama kuujua. Mwaka wa 2020 ilitangazwa kwamba tembo karibu 580 walikuwa wametoka Uganda na kuingia upande wa Kongo. Barabara inateremka, inavuka kilalo cha Katunguru juu ya mfereji wa Kazinga, na mara nyingi kuna tembo kando, na viboko majini, masikio na pua.

Binti wa miaka tisa aliona tembo wanne. Mama alimwambia habari ya yai la pili. Mtoto akamuuliza kama wale ni tembo wa Uganda ao wa kwetu. Mbele kidogo, karibu na Kikorongo, walipita pale ikweta inapovuka barabara. Waganda wamejenga duara la kuionyesha, na watalii wanasimama kupiga picha. Mtoto aliuona msitari kwa macho yake. Mama yake, aliyeuvuka mara kumi na zaidi upande wa Musienene, alikuwa anauona mara ya kwanza.

Kutoka Kasindi hadi Beni inabaki karibu kilomita 80. Hapo mama alimwambia binti aweke simu chini na asiulize maswali mpaka wafike, kwa sababu ADF wamekwisha kuua watu upande huo pia. Walilala Beni, na kesho yake, mbele ya saa sita, walikuwa Butembo.

Koko aliwapokea mlangoni. Alimshika mtoto uso, akamtazama sana, kisha akauliza, kama alivyowauliza wote waliofika kwake tangu miaka ya zamani, kama baridi ya Alimbongo imewasumbua. Mama alitaka kueleza njia waliyopita. Binti alijibu mbele yake kwamba hapana, koko, kulikuwa joto, na kwamba wamemletea mkate wa Kasese.